Simu Kutoka Juu

"Bourgmestre wetu, shiye tulimuchaguaka lini?"

Aliyeuliza ni Mama Kabibi, muuza makala, yaani mkaa, siku yangu ya kwanza ya kuongoza kipindi cha simu katika redio moja ya Lubumbashi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu. Sheria ilisema bourgmestre, yaani mkuu wa komini, mtaa mkubwa wa jiji, atokane na kura, lakini kura yenyewe ilikuwa ikiahirishwa tu.

"Nitatafuta, mama."

"Utafute mbio. Shiye tunazeeka."

Wakati ule tulifanya direct, yaani sauti ya msikilizaji ilitoka kwenye simu ikaingia hewani papo hapo. Wiki iliyofuata mkurugenzi akaniita.

"Mademoiselle, kule juu wamenipigia. Tutarekodi kwanza."

"Wamesema nini, patron?"

"Bakubwa habaelezake."

Basi tukarekodi, na katika régie, chumba cha mitambo, swali la Mama Kabibi, aliyelirudia, likakatwa. Baadaye wasikilizaji wakatakiwa kutuma maswali siku moja kabla. Kisha grille, ratiba ya vipindi, ikatupeleka Jumapili asubuhi, watu wakiwa misani. Kila mara mkurugenzi alisema amepigiwa. Kila badiliko lilikuja kwa adabu, na kila mmoja wetu aliona ni dogo mno kuligombania. Ninyi mnaoanza kazi hii, msingoje askari mlangoni. Sisi hatukumwona hata mmoja, na haki ya kuuliza ilikuwa imekwisha.

Mama Kabibi hakuacha kupiga.

"Mulinikata tena. Makala yangu munanunuaka, sauti yangu hamutaki?"

Hata maneno hayo yalikatwa.

Siku kipindi kilipogeuzwa muziki mtupu, niliaga. Nimestaafu redio kabla ya kuota mvi, na hasira yangu bado mbichi. Najiuliza kama tungebaki hewani iwapo tungekataa lile badiliko la kwanza. Kwa miaka mingi nilijijibu kwamba hapana, walioko juu wasingekubali.

Mwaka huu nilimtembelea mkurugenzi, naye sasa amestaafu, amekaa barazani na redio ndogo inayopiga muziki. Nikamwuliza ni nani hasa aliyekuwa akimpigia.

Alipunguza sauti ya redio.

"Hakuna mutu, mademoiselle. Nilikuwa tu nangojea bapige."