Mfuko wa kamera, udi wangu na mke mwenzangu anayepiga mbizi

Wakuu, assalam aleikum, na wasio wa salamu hiyo hamjambo.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma, nacheka, nafunga simu. Leo naandika kwa sababu jambo hili nikimsimulia jirani yangu hapa Msambweni, litakuwa limefika Ukunda kabla sijamaliza kusimulia. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, hata pale ninapojiaibisha mwenyewe.

Uzi unahusu ule mfuko wa plastiki wa kuzuia maji, unaotiwa kamera ili upige picha chini ya bahari. Unahusu wivu pia. Asiyependa habari za wake wenza aishie hapa, asije akanihubiria huko chini.

Tuendelee.

Mume wangu, tumwite Baba Nasra, ana boti ya kupeleka wageni mwambani kule Galu, kusini kidogo ya Diani. Maji yakitoka, pale ndani ya mwamba panatulia, unaona samaki wa kila rangi. Wageni wanavaa miwani na ule mrija wa kupumulia, wanaelea kifudifudi, wanashangaa.

Mimi ndiye mke mkubwa. Kazi yangu kwenye hii biashara ni chakula. Wageni wakitoka majini wanakuja kula kibandani kwetu ufukweni, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Najisifu kidogo, mniwie radhi: sahani zangu hurudi nyeupe.

Mke mdogo ni Riziki. Kwao ni Kikoneni, huko ndani kwenye mihogo na michungwa.

Sasa shikeni hili, kwa sababu ndilo linaloniunguza. Mimi niliyezaliwa nasikia mawimbi sijui kuogelea. Wasichana wa rika langu tulikwenda pwani maji yakitoka, tukatafuta pweza kwenye mashimo, maji yakifika magotini tunarudi nyumbani. Nani angetufundisha kuogelea? Yeye wa mihogo alipata kazi hotelini Diani, akafundishwa kwenye bwawa la hoteli, na leo anazama kama kasa.

Kwa hivyo yeye ndiye mpiga picha.

Zile kamera za majini hasa ni ghali, Baba Nasra akanunua mfuko. Ni kitu chepesi tu. Kamera ndogo ya kawaida inaingia ndani, mbele kuna kioo cha lenzi, juu kuna mdomo wenye zipu. Unabana zipu, unaukunja mdomo, unafunga klipu, unavaa kamba shingoni. Riziki anateremka nao chini huku amevaa zile nguo za kuogelea za stara, kilemba na kila kitu, na wageni wanamwonyesha dole gumba.

Kutwa ni Riziki, Riziki. "Riziki, one more!" "Riziki, na huyu samaki wa manjano!" Mimi nimekaa ufukweni na mwiko, nasikia jina hilo linaruka juu ya maji. Wali haumfanyi mtu apige kelele za jina la mpishi, wakuu. Watu wanakula kimya.

Kuna jingine. Siku moja Baba Nasra aliacha simu yake mezani kwangu, ikaita. Kwenye kioo cha simu nikaona ameweka picha ya Riziki chini ya maji, samaki wamemzunguka, leso yake ya kichwani inaelea nyuma kama mkia wa bibi harusi.

Nikaingia kwenye picha zake nijitafute. Nilijikuta kwenye moja tu. Ilikuwa ile ya pasipoti, aliipiga tulipokuwa tunashughulikia kadi ya bima ya matibabu. Nimekodoa macho kama mtu aliyeitwa kituoni.

Roho iliniuma, sitaficha.

Na heshima zake ndizo zinanimaliza kabisa. Kila akiniona, "Shikamoo, dada." Shikamoo ya nini? Nimempita miaka michache tu! Ningependa aniambie "mambo" kama watu wa hotelini anavyowaambia. Hapana. Shikamoo, mbele ya wageni, kwa sauti tamu. Naitikia marahaba huku nasaga meno.

Sasa nije kwenye udi.

Dada zangu wa pwani wanajua, lakini wakuu wa bara niwaeleze kidogo. Mwanamke hapa ana udi wake. Mimi wangu naupika mwenyewe, kama alivyonifundisha nyanya yangu, na mtu aliyewahi kuingia chumbani kwangu akiusikia sokoni Kombani atasema Mama Nasra yuko karibu. Nguo za mume zinafukizwa. Unatia kaa kwenye chetezo, unaweka udi, unafunika na kitenga, kile kikapu chenye matundu, unatandika nguo juu, moshi unapenya.

Zamu yangu ikifika, Baba Nasra anatoka kwa Riziki Ukunda, anakuja Msambweni na begi lake. Na mimi, kabla hajaketi sawasawa, begi lote naliweka kwenye udi. Shati, kikoi, taulo, kofia. Sitaki kitu kilale nyumbani kwangu na harufu ya nyumba nyingine. Yeye huona ni mapenzi. Ni mapenzi kweli, lakini ni vita pia.

Zamu moja begi lilikuja na mfuko wa kamera. Kamera yenyewe alikuwa ameitoa, iko kwenye chaji. Nikauchukua mfuko, nikaunusa. Maji ya chumvi, na nyuma yake mafuta ya nywele ya yule bibi. Kamba inakaa shingoni mwake, mtakumbuka.

Nikautandika juu ya kitenga pamoja na kikoi. Mdomo wazi, ukiangalia chini, ili moshi uingie hadi ndani.

Mnaona linakoelekea.

Asubuhi yake kulikuwa na wageni wawili kutoka Nairobi, bwana na bibi harusi, wako kwenye fungate. Hoteli moja ndiyo iliyowaleta kwetu, na meneja wake alikuwa amesema hawa wakifurahia picha, atakuwa akituletea wengine. Chakula walikitaka kizuri, kwa hivyo nikaenda Galu mapema na masufuria yangu.

Boti ikaenda. Nikawa nageuza samaki kwenye makaa, nasikia kelele zile zile. Riziki, hapa! Riziki, shika mkono wangu! Ghafla kelele zikakatika.

Boti ikarudi mapema.

Riziki alishuka wa kwanza, mfuko ameukumbatia kifuani. Ndani maji yamejaa nusu, kamera inaogelea humo kama kipande cha muhogo kwenye mchuzi. Bwana harusi anafuata, kiunoni amefunga taulo.

"Boss, si ulisema hii kitu haiingizi maji?"

"Haiingizi, bwana, ikifungwa vizuri," Baba Nasra akasema, kisha akamgeukia Riziki. Sijawahi kumsikia akimsemesha vile. "Nimekwambia mara ngapi, uangalie mdomo kabla hujazama? Mchanga umeingia hapo, au unywele."

"Niliangalia. Wallahi niliangalia."

"Uliangalia nini, na maji ndiyo haya?"

Riziki akafungua klipu amwage maji. Akautia uso pale mdomoni aone kilichoharibika. Nikamwona amesimama hivyo, pua ndani ya mfuko.

Kisha akainua kichwa, akaniangalia.

Moja kwa moja. Mimi na koleo langu la samaki.

Akashusha macho. "Labda sikubana zipu sawasawa," akasema. "Nisamehe, bwana."

"Kuanzia kesho usiingie tena majini. Utakaa hapa kibandani umsaidie dada yako masufuria. Nitatafuta kijana apige picha."

Wakuu, nimeahidi ukweli. Nilifurahi. Nilifurahi hadi nikaogopa meno yangu yataonekana. Jambo nililolitaka usiku na mchana, limeletwa miguuni kwangu, na mimi sijasema neno. Nikawapakulia wageni wali, nikawaongezea tui.

Riziki akakaa kando yangu kuosha sahani. Hakulia, hakununa. "Dada, nisogezee sufuria ile." Basi.

Ukimya ule ukaanza kuniwasha. Nikauchukua mfuko pale alipoutupa, nikaugeuza. Mdomo wake upande mmoja umefanya mawimbi, laini na unang'aa, kama mshumaa ulioshikwa karibu na moto. Nikaunusa.

Udi wangu. Maji yote yale ya bahari na bado ulikuwa umo.

Ndipo nikaelewa yale macho. Alijua. Alijua tangu alipotia pua pale, akachukua lawama na kunyamaza.

Nanyi msinipambe hapa mkasema moyo wangu ulilainika. Haukulainika! Nilipandwa na wivu ambao sikuwahi kuupata, hata ile siku ya picha ya kwenye simu. Yaani anazama kunishinda, picha kunishinda, na sasa na wema pia anishinde? Nizeeke nikijua kwamba Riziki wa Kikoneni alinisitiri? Kila shikamoo yake itakayokuja itakuwa na jambo hili ndani!

Nikaweka koleo chini.

"Baba Nasra," nikasema, wageni wakisikia. "Mfuko niliuharibu mimi. Niliufukiza udi, moto ukalegeza mdomo. Mwache mke wako arudi majini."

Akanitazama. "Mfuko wa plastiki, Mama Nasra? Udi?"

"Ulikuwa unanuka."

"Unanuka nini?"

"Unanuka Ukunda."

Bibi harusi akapaliwa na wali. Mumewe akawa anampiga mgongoni, huku naye mabega yanamcheza. Baba Nasra akaenda kukaa kwenye boti yake peke yake. Mtu mzima yule alikaa huko hadi chai.

Nikadhani Riziki atanishukuru. Akanifuata nyuma ya kibanda, uso umemvimba kwa hasira.

"Kwa nini umesema?"

"Nimekutetea, na bado wauliza?"

"Mimi nilikuwa nimepata kitu kimoja tu cha kukushinda nacho, dada. Kimoja! Nacho umekichukua."

Nikacheka, kile kicheko kibaya. Nikamwambia yeye ana bahari yote, ana wageni wanaoliita jina lake, ana kioo cha simu ya mume wetu. Amekosa nini?

Akanijibu polepole, na haya ndiyo maneno yaliyonifanya niandike uzi huu.

"Picha ni ya kwenye simu, akizima simu imekwisha. Wewe, yuwaja nawe mwilini. Kila zamu yangu anaingia ananukia wewe. Shati ni wewe, kikoi ni wewe. Nafua, hautoki. Mto wangu wanukia wewe, dada. Nalala nawe chumbani kwangu, na yeye hata hajui."



Zamu zote zile nilidhani nafukuza harufu yake nyumbani kwangu. Sikuwahi kufikiri kwamba kikoi kikitoka kwangu kinakwenda mahali, kinaning'inizwa kwenye msumari wa mtu.

Basi, mambo yalipofikia ni hivi. Kamera haikupona. Kadi ya picha ilipona, na kabla maji hayajaingia sana Riziki alikuwa ameshawapiga wale maharusi picha nzuri, wakaridhika. Meneja ameendelea kuleta watu. Baba Nasra amepata kamera nyingine ya mkono wa pili na mfuko mpya, na mfuko huo unaning'inia Ukunda. Kwangu haufiki.

Kwa mnaotaka kununua mifuko hii, niliyojifunza kwa hasara ni haya. Kabla hujatia kamera, tia karatasi ya shashi, funga, uzamishe kwenye beseni, ushikilie chini ya maji. Shashi ikitoka kavu, nenda baharini. Futa mdomo wa zipu kwa kidole kila mara, chembe moja ya mchanga inatosha kukuliza. Ukitoka, suuza kwa maji baridi ya mfereji, anika kivulini. Usiuache juani kwenye boti, usiupeleke karibu na moto wa aina yoyote, hata uwe moto wa mapenzi.

Kuhusu wivu sina somo, maana haujaisha.

Riziki ananifundisha kuelea. Ananishika mgongo, ananiambia "legeza shingo, dada", na mimi nashikilia kilemba chake nusura nimzamishe. Juzi alinipiga picha chini ya maji. Macho nimefumba, mashavu yamejaa kama samaki bunju. Baba Nasra ameiona, amecheka sana. Kwenye kioo cha simu bado hajaiweka. Naangalia kila siku.

Naye aliniomba kitu. Alitaka kujua udi wangu unavyopikwa, ili naye afukize nguo kwa zamu yake, zitoke kwake zikinukia yeye.

Nilimfundisha. Tulikaa jikoni kwangu, nikamwonyesha sukari inavyoyeyushwa, sandali inatiwa lini, marashi yanatiwa lini. Akaupika wa kwake, ukatoka mzuri. Watu wa Ukunda watausifu.

Lakini nyanya yangu alikuwa na kitu kimoja anachotia mwishoni kabisa, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Hicho sikumwonyesha.

Baba Nasra alikuja jana, kikoi kinanukia udi wake Riziki. Nilikishika mkononi, nikakinusa, na sikukiweka juu ya kitenga. Nilikitundika kama kilivyo. Usingizi sikuupata vizuri.

Wakuu, na nyie dada zangu mnaosoma kimya kama mimi, leo msipite bila kuandika. Hicho kimoja nimpe, au nibaki nacho?