Mama Alipochagua Pa Kuzamia

Leo Mama kamshinda mwalimu wa kuzamia baharini. Kwa swali moja tu.

Mimi na mume wangu tunabishana tangu Pasaka: likizo tukazamie Mafia au Pemba?
Leo nikampigia mwalimu wa Mafia, nikaweka spika.

Mama yuko kwetu hapa Ifakara, kaja kutoka Mofu. Alikuwa anapepeta mchele, akaomba simu.

"Shikamoo mama."
"Marahaba baba. Eti, huko wanawake wanachotea maji upande gani?"



(Kwetu Mofu mto una mamba. Unaingia pale tu wanawake wanapochotea maji kila siku, maana hapo ndipo salama. Watu wa mtoni mnanielewa.)

"Mama, hii ni bahari. Maji hayachotwi."
"Kumbe! Hata kuchota hawachoti, halafu mwanangu aende chini kabisa?"

Mwalimu wa watu akabadilisha mada, akaniuliza kama najua kuogelea.

Jamani.
Tukatazamana na mume wangu. Mabishano yote yale, hilo hatukuwahi kuliwaza!

Mama akanijibia, tena kwa majivuno:
"Hajui, baba. Nilimlea vizuri."