Gundi Yangu, Kiwanda Chake

Nilikuwa namwonea wivu mwenzangu hata namna anavyosalimia. Tukifika getini pale kiwandani, mimi natoa kitambulisho cha chuo, nanyoosha shingo, nasubiri mlinzi afungue. Yeye keshapita. Keshamuuliza mlinzi kama homa ya mtoto imeshuka, keshachekesha watu kwa jambo ambalo mimi sikulisikia vizuri. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, sauti kubwa. Nilimzidi umri, cheo na urefu, na bado kila tulipoingia pale mimi ndiye niliyeonekana nimemsindikiza.

Kiwanda chenyewe kiko Temeke, kinatengeneza maboksi: ya sabuni, ya biskuti, ya maji. Ukilichana boksi utaona karatasi ya mawimbi imebanwa katikati ya karatasi mbili, na kinachozishika ni gundi. Gundi yao walikuwa wanaagiza nje. Kundi letu la utafiti pale chuoni lilikuwa na gundi ya wanga wa muhogo. Niseme vizuri: mimi ndiye niliyekuwa nayo. Profesa anayetuongoza alileta wazo akaliacha mezani kwangu, na miaka yote iliyofuata niliyekuwa nikikoroga, nikiunguza, nikimwaga na kuanza upya ni mimi. Mwenzangu alihamia kwetu kutoka chuo kingine akakuta chungu kimeshaiva.

Makubaliano na kiwanda yalikuwa mepesi kuyaelewa. Tujaribu gundi kwenye mashine yao. Ikishika zamu nzima bila boksi kuachia, watasaini mkataba na chuo, na mmoja wetu wawili atahamia pale kuongoza maabara ndogo ya kiwanda. Chumba walikuwa wameshatuonyesha. Kiko juu, dirisha lake linatazama ukumbi wa mashine, na meza zilikuwa bado zimefungwa nailoni.

Nilikitaka kile chumba. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka nyumba. Nilikuwa nimechoka kuandika makala zinazosomwa na watu ambao nao wanaandika makala. Nilitaka nipite dukani kwa Mpemba pale mtaani kwetu Kimara, nione maboksi yamepangwa hadi darini, nijue yamesimama kwa sababu yangu. Usiku nikilala nilikuwa napanga mizani itakaa wapi, jiko litakaa wapi, koti langu jeupe litaning'inia upande gani wa mlango.

Siku ya jaribio la kwanza tuliumbuka. Gundi iliyokuwa ikitoka laini chuoni, pale ilitoka ina madonge, na maboksi yaliyopita kwenye mashine yaliachia midomo hata kabla hayajapoa. Meneja wa uzalishaji, kijana mmoja mwenye haraka zake, alianza kutazama saa. Mimi nikafungua kompyuta nimweleze tabia za wanga kwa slaidi. Alinipeleka ofisini, akanipa kiti na maji ya chupa, akasikiliza huku anajibu meseji.

Mwenzangu hakuja ofisini. Alibaki chini na mzee anayepika gundi ya kiwanda, mtu wa Rufiji, na kwa kuwa mwenzangu ni mtu wa kusini walishagundua kwamba ni watani. Nilipochungulia dirishani niliwaona wamekaa juu ya mbao za kupangia mizigo, wana vikombe vya chai mkononi, wanatukanana kwa raha.

"Nyie na gundi wapi na wapi," mzee alikuwa anapaza sauti, "hata uji wa mgonjwa unawashindaga!"

"Sie tunapikia watu, mzee. Nyie mnapikia mamba!"

Ukumbi mzima ukacheka. Hakuna aliyetufukuza siku ile, na nilijua kabisa kwamba si slaidi zangu zilizotuokoa.

Jioni nikiwa nyumbani akanipigia kutoka kwake Boko. Alikuwa anatafuna kitu. "Dada, hivi uliionja chai yao?" Nikamwambia nilipewa maji ya chupa. "Basi ina chumvi, dada! Maji yao ni ya kisima. Na sie kule maabara si tunapikia yale maji yaliyosafishwa?"

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Miaka yote ile nilikuwa napika gundi kwa maji ambayo hakuna kiwanda Dar es Salaam nzima kinachoweza kuyapata, na sikuwahi kujiuliza. Ningeweza kufurahi kwamba tatizo limejulikana. Roho iliniuma tu, kwamba limejulikana kwa kikombe cha chai, na kikombe chenyewe hakikuwa changu.

Baada ya hapo kazi ikarudi kwangu, na hapo sitaki mtu anibishie. Mwenzangu alikuwa anabeba madumu ya maji ya kisima kwenye gari lake kutoka Temeke mpaka chuoni, anayashusha, anasema, "Haya dada, mambo yako hayo," kisha huyoo. Mimi ndiye niliyepika. Nilibadilisha kipimo cha kostiki, ile ile wanayotumia watengeneza sabuni, nikaipunguza, nikaiongeza, nikaitia mwanzoni, nikaitia mwishoni. Niliungua vidole. Ndugu zangu walifunga harusi mbili nikatuma salamu. Mpaka siku moja gundi ikashuka kutoka kwenye mwiko kama mtindi mzuri, bila donge hata moja, kwa maji yale yale ya chumvi.

Siku ya kuipeleka kiwandani ratiba ikaangukia vipindi vyangu. Nilikuwa na ukumbi mzima wa wanafunzi, siwezi kuwaacha. Nikamwandikia mwenzangu vipimo vyote kwenye WhatsApp, hatua kwa hatua, akaenda yeye.

Mchana picha zikaanza kuingia kwenye grupu letu la utafiti. Yeye na kofia ya nailoni kichwani, mkono begani kwa yule mzee. Yeye amekalia boksi na boksi halibonyei. Wafanyakazi wamemzunguka, vidole gumba juu. Chini yake akaandika: "Jamani hii kazi ya dada yetu, mie nimekoroga tu." Watu wakamiminika kwa pongezi, na wote, kuanzia profesa mpaka mhasibu, wakampongeza yeye. Mmoja tu ndiye aliyenitaja, akaandika kwamba mwenzangu ana moyo mzuri sana wa kushirikisha wengine.

Heri angeniibia. Mwizi unamkamata, unapiga kelele, watu wanakuja. Huyu alikuwa anasema ukweli kila mara, mbele ya kila mtu, na hawakusikia. Nikaandika "Hongera zetu sote" nikaweka na ua, kisha nikaizima simu nikaiweka kwenye droo.

Likabaki jaribio la mwisho, lile la zamu nzima. Tulipanga twende wote. Wiki hiyo hiyo baba yake mwenzangu akafariki huko kwao Lindi. Alinipigia analia, nikampa pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli kwa sababu nami nimezika baba. Lakini nilipokata simu, kitu cha kwanza nilichokiwaza ni kwamba sasa wataniona. Nitakuwa peke yangu na gundi yangu, na hakuna atakayekaa mbele yangu kunikinga mwanga.

Nilifika kiwandani asubuhi nimevaa viatu vya chini. Nilimwamkia mlinzi vizuri. Nilimwamkia mzee wa gundi, nikakubali kikombe cha chai, nikainywa na chumvi yake.

"Mwenzio vipi, kafika salama?" mzee akaniuliza.

Nikasema kafika. Kisha akaja dada wa stoo, naye akauliza. Akaja fundi wa mashine. Wakachanga rambirambi, wakanipa mimi nimtumie. Kila niliyemsogelea kumweleza kuhusu joto la gundi aliniuliza kwanza kuhusu msiba. Niliwajibu wote kwa upole, meno nimeyabana, nikarudi kwenye pipa langu.

Lakini gundi, jamani. Siku ile gundi ilinisikiliza. Ilikwenda asubuhi ikaenda mchana, mashine haikusimama hata mara moja kwa ajili yake. Maboksi yalitoka yamenyooka, yanapangwa juu ya mengine mpaka dari. Meneja alichukua moja, akalivuta kwa nguvu zake zote alichane pale kwenye gundi. Karatasi ikachanika. Gundi ikabaki imeshika. Akachukua jingine, ikawa vile vile. Nilisimama kando na mikono yangu nyuma, nikihisi machozi ya furaha yanakuja, nikayarudisha.

Mzee wa gundi akachovya kijiti kwenye pipa, akakitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Uji wa Mfupi leo umetulia kuliko siku zote."

"Uji wa nani, mzee?"

"Wa Mfupi. Si yule mwenzio! Sie hapa tunauitaga hivyo tangu mwanzo." Akaita fundi wa mashine aje aone. "Njoo uone uji wa Mfupi!"

Meneja alikuwa ananiita juu, nikapanda. Akampigia profesa mbele yangu, simu akaiweka sauti kubwa. Akasema wameridhika, mkataba walete wasaini. Profesa akashukuru, akanisifu. Kisha meneja akasema, bila kubadilisha sauti, kwamba kuhusu mtu wa maabara wangependa wapewe yule mwingine. "Vijana wamemzoea. Dokta huyu hapa ni mtu mkubwa, Prof, tusimpotezee muda wake kwenye vumbi letu." Akanitazama akatabasamu, akiamini amenipa heshima.

"Hamna shida," profesa akasema. "Dokta upo hapo? Unasemaje?"

Nikasema ni sawa. Ningesema nini kingine? Kwamba nilikuwa nimeshapanga koti litaning'inia wapi?

Nilitoka nje nikasimama kando ya ukuta, penye kivuli kidogo. Nilitaka kwenda moja kwa moja nyumbani, lakini simu ikaita, na alikuwa yeye. Nyuma yake kulikuwa na wanawake wanabishana kuhusu masufuria, na mtu anaita watu waje kula.

"Dada, imeshika?"

"Imeshika. Zamu nzima. Wanasaini. Na maabara wanakupa wewe."

"Mie? Jamani, mie najua nini? Si gundi yako ile, dada?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwa adabu, nimpe hongera, badala yake nikaanza kulia. Nililia palepale ukutani, mtu mzima na shahada zangu, kilio cha wivu mtupu, na kila nilivyojaribu kukizuia kilizidi. Vijana wawili waliokuwa wanapakia maboksi kwenye fuso waliniona wakageuza macho. Yeye alikuwa anasikia yote.

"Basi, dada," akasema taratibu, na sasa naye sauti yake ilikuwa imelowa. "Usilie hivyo. Baba alikuwa ameumwa sana, ameshapumzika. Nashukuru unavyonililia. Nyamaza basi. Umekula lakini leo?"