Pini ya Upande wa Kushoto

Iko Jumamosi moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na tangu niliposikia unataka kujiandikisha kwa askari wa akiba, wale mafundi wa jeshi, inanirudia kila nikikaa. Mimi niliishia darasa la nne, kalamu si rafiki yangu, lakini hili nitakuandikia mwenyewe.

Nilikuwa kijana, mgeni Birmingham, Uingereza, nimepanga chumba mtaa wa Ladywood. Jumatatu hadi Ijumaa nafua mashuka kiwandani, Jumamosi na Jumapili mwanajeshi. Usicheke, ndivyo tulivyokuwa wote. Sajini wetu, mzee wa Kijamaika wa Handsworth, alikuwa fundi bomba. Abdi, Msomali aliyekulia Garissa, alikuwa dereva wa basi, ana mke na watoto wawili mtaa wa Hodge Hill. Huyo ndiye niliyeongea naye Kiswahili, na nilipougua ndiye aliyeniletea uji.

Siku hiyo tulijenga daraja la chuma juu ya kijito. Daraja la jeshi ni fremu nzito, watu sita kwa fremu moja, zinazoshikana kwa pini nene kama mpini wa jembe. Kila pini ina kibanio, isichomoke. Kisha mnalisukuma zima juu ya magurudumu mpaka ncha ifike ng'ambo. Mvua ilinyesha, ile yao isiyo na haraka. Chai yao nayo haina tangawizi, lakini hayo tuyaache.

Pini za kushoto zilikuwa zangu. Ya mwisho ikagoma katikati. Nikaigonga kwa nyundo, wapi! Sajini akaita, "Kulia tayari?" Wakajibu tayari. "Kushoto?"

Sasa nisikilize. Kwetu Tanga mama akiuliza toka jikoni, "Umeshafagia?" unaitika, "Ndiyo mama," halafu ndipo unakimbilia ufagio. Hatukuona ni uongo. Tuliona ni adabu, mkubwa asingojeshwe. Basi nikajibu, "Tayari, Sajini!" nikidhani nitaimalizia wakijipanga.

Hawakujipanga. Wakasukuma.

Pini ikanipita nimeshika nyundo. Abdi alikuwa ng'ambo, chini ya ncha, akiielekeza kwa mikono na kututania: "Songeni, wazee! Hata basi langu likiharibika linawashinda mwendo!" Nikaiona pini inarudi nyuma kila wakisukuma. Siku ya kwanza kabisa tulifundishwa: yeyote anayeona hatari apige kelele, wote wasimame. Nikanyamaza. Niliwaza watanicheka, wataniita mwongo. Ikatoka upana wa kidole. Nikanyamaza. Vidole viwili. Nakwambia kweli kwa kuwa sina wa kumficha tena: nilikuwa namtazama rafiki yangu usoni, na bado nahofia aibu yangu.

Kisha Kiingereza chote kikanikimbia, nikapiga yowe la nyumbani: "Abdi! Toka hapo!"

Akaruka. Pini ikachomoka, na ncha ikajikita kwenye tope palepale alipokuwa amesimama.

Sajini alikuja taratibu. Nilitamani angefoka.

"Ulijua haijaingia?"

"Nilijua, Sajini."

"Ungesema bado, ningekutukana dakika moja, tukaendelea na kazi. Sasa vuka, ukamwambie mwenyewe."

Nikavuka, maji magotini, nikamwambia. Akaniuliza, "Yaani ungeniua juu ya aibu?"

Alinisamehe, maana Abdi hakuwa mtu wa kinyongo. Watoto wake waliniita ami. Lakini mpaka tunaacha jeshi, kila pini niliyogonga mimi, alikuja akaipitia kwa mkono wake. Hakunisema hata mara moja. Heri angenisema.

Kwa hiyo nenda, mwanangu, sikukatazi. Ila mkubwa akikuuliza na kazi haijaisha, sema bado. Sema kwa sauti, hata ukiwa wa mwisho, hata wakucheke. Na ukishaliona kosa lako limeanza kwenda, piga kelele hapohapo, usingoje ujue litamwangukia nani. Mkubwa anayeuliza anataka kujua. Kumwambia kweli ndiko kumheshimu.

Mungu akutangulie kila Jumamosi, akurudishe Jumapili na viungo vyako vyote. Na wale watakaosimama chini ya kazi ya mikono yako, awape usingizi mwema wakijua ni wewe uliyeifanya.