Siku Saba za Kupumzika

Neno kimeng'enya nililijua nikiwa na miaka arobaini na saba, nyuma ya kaunta ya duka langu la dawa za mifugo hapa Isiolo. Dada yangu mkubwa alikuwa na saratani ya matiti, nami nilitaka kujua vidonge vyake vinafanya kazi gani. Nilisoma polepole, nikiandika daftarini. Alipokuja kutoka Merti, anakofuga mbuzi, nilimweleza.

"Seli hugawanyika kwa ruhusa ya vimeng'enya. Chako ni kama mlinzi wa zizi aliyeharibika, anafungua lango ovyo. Kidonge kinamshika mkono."

"Si mumfukuze tu?"

"Seli za damu nazo hupita lango hilo hilo. Ndiyo maana unameza siku ishirini na moja, unapumzika saba, damu ijijenge."

Alielewa upesi. Amepumzisha malisho maisha yake yote.

Baada ya miezi minne alirudi kupigwa picha ya uvimbe. Asubuhi ya kwenda kusikia majibu nilihesabu vidonge vyake, kama ninavyohesabu mzigo dukani. Vilizidi sita.

"Umeruka siku sita!"

"Sijaruka hata moja. Naanza mwezi ukiandama, nameza ishirini na moja, kisha napumzika mpaka uandame tena."

"Nilisema saba."

"Siku za kupumzika nani anazihesabu? Sisi huko tunatazama juu."

Mwezi wa angani una siku ishirini na tisa au thelathini, si ishirini na nane, kwa hivyo kila mara alichelewa siku moja au mbili. Mimi niliyejaza daftari zima kuhusu lango sikuwahi kumuuliza anahesabu vipi. Njiani nilizihesabu tena siku zile sita. Niliogopa kwamba katika siku hizo mlinzi alikuwa amefungua.

Kwa daktari nilikiri yote kabla hata ya kukaa. Alinisikiliza, akamgeukia dada.

"Mama, kuanzia leo ni saba kamili. Kuna wagonjwa ninaowachelewesha mimi mwenyewe kuanza tena damu ikipungua, kwa hivyo usihofu." Akageuza skrini. "Uvimbe ulikuwa huu. Sasa ni huu."

Ule wa pili nilihitaji kuonyeshwa kwa ncha ya kalamu.

Dada alitazama, kisha akapiga vigelegele hadi muuguzi akafungua mlango kwa hasira.

"Mama, hapa ni hospitali!"

"Njoo uone basi!"

Muuguzi akaja, akaona, akavipokea vigelegele. Dada alikuwa tayari amempigia bintiye simu.

"Yule mbuzi mweusi asiuzwe. Kesho nakuja kumla."