Kigoda Shimoni

Mkamwana alimjua mama mkwe wake kwanza kwa mikono. Ilikuwa mikavu, imechakaa kwa dawa ya maji, na haikugusa kamba ya kisima kabla ya sabuni. Ndoo ya kuchotea hakuiweka chini hata siku moja. Maji ya kunywa aliyachemsha mpaka yatokote sawasawa, na aliyeuliza kwa nini yachemshwe ilhali ni meupe pee alijibiwa taratibu, "Kwani mdudu wa kuhara umewahi kumwona kwa macho?"

Asubuhi moja jirani wa upande wa juu alianza kuchimba choo karibu kabisa na kisima. Mama mkwe hakugomba. Alichukua kigoda, akashuka kwenye shimo lililokwisha kufika kiunoni, akakaa.

"Mama, toka basi, vijana wafanye kazi," jirani alisihi.

"Wachimbe tu, ila waanze na mimi," alisema bila kupandisha sauti. "Uchafu wa humu utashukia kisimani, na wajukuu zangu wanakunywa pale."

Jua likapanda, naye yumo tu. Wachimbaji waliegemea majembe. Mwishowe jirani akavua kofia. "Haya mama, nichimbe wapi?"

Mama mkwe akanyoosha mkono avutwe juu, akaenda kumwonyesha mahali, kule bondeni, mbali na kisima. Vijana wakaanza kufukia shimo bila kuambiwa. Mkamwana, aliyekuwa akitazama yote kutoka kisimani, akampigia mumewe simu.

"Mama yako," alisema, kisha akamsimulia yote kuanzia kigoda.