Diski ya Fundi Taratibu

Wateja walimwita Fundi Taratibu kwa sababu alifungua simu kama anayemenya yai la moto. Mezani kwake palikaa diski iliyofungwa kitambaa cheupe, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ndani yake mlikuwa na sauti ya binti yake akiimba. Binti mwenyewe Mungu alikwishamchukua, na diski nayo ikaugua, ikawa haifunguki.

"Mzike tu na diski yake," fundi wa jirani alimwambia, akiendelea kutafuna.

Taratibu alianza kujifunza kuandika programu zinazoingia hadi kwenye kiini cha kompyuta, pale panapojulikana kila faili limelala wapi. Kompyuta yake ilizimika mikononi mwake kama kibatari penye upepo. Akavumilia. Hatimaye programu yake ikaviona vipande vya sauti ndani ya diski, ila haikujua kipi kinafuata kipi. Hapo akili yake ikagota.

Akaingia kwenye kundi la mabingwa mtandaoni. Aliwaamkia vizuri, akawaombea heri, akawaeleza habari za mtoto.

Mkubwa wao, waliyemwita Jabali, akamjibu: "Mzee, hapa si matangani. Futa hadithi, leta programu."

Wengine wakacheka. Taratibu akaona haya. Akafuta, akaandika upya. Safari hii mtoto hakumtaja. Wasomaji wakaona diski tu, kama diski yoyote ya mazoezi.

"Programu yako inasoma, haiandiki," Jabali akasema. "Umeifunga mikono. Ondoa hiyo kinga, ijenge orodha ya mafaili upya."

"Haitadhuru, mkubwa wangu?"

"Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Taratibu alilisoma jibu hilo mara mbili. Kisha akajiambia, huyu ni bingwa, na mimi nimekuja kuomba. Akapiga bismillahi, akaondoa kinga.

Taa ya diski ikamemeteka, ikatulia. Diski ikafunguka bila kinyongo. Ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Hata kipande kimoja cha sauti hakikubaki.

Akawaandikia: "Imefuta vyote."

"Hukutoa nakala kwanza?" Jabali akauliza. "Mtu anafanyia kazi diski yenyewe? Basi, kila mwanafunzi huua diski moja. Hongera, sasa umekuwa mwenzetu."

Wakamshangilia kwa vikatuni vya kucheka. Mmoja wao akauliza, "Huyu si ndiye yule wa matanga?" Mwingine alikuwa na swali lake, wakahamia huko.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa mke wake, kajitanda khanga ya kutokea, na nyuma yake dada wa huyo mke. Asubuhi Taratibu alikuwa amemwambia kwamba mabingwa wamekubali kusaidia.

"Baba, imefunguka?"

Taratibu akatazama kioo cha kompyuta. Uongo hakuuzoea.

"Imefunguka."

Mama wa watu akakaa kwenye kiti cha wateja. Akavua viatu, kama mtu aingiaye msikitini, akaivuta khanga ikae nyuma ya masikio ili amsikie mwanawe.

"Shemeji, ongeza sauti," dada mtu akasema. "Sisi hatusikii kitu."

"Kaa kimya wewe," mama akamkemea kwa upole. "Mwanangu alikuwa na sauti ndogo."